Lori la Simba Lilipopita Kabuga

Biryogo, Kigali
12 Oktoba 2025

Mpwa wangu Shimwa,

Barua yako imenifikia ikinuka nyanya. Mama yako aliipokea kwa wakala wa basi pale Nyabugogo, akaiweka juu ya tenga lake la nyanya za kuuza, akaisahau mpaka jioni. Namshukuru Mungu haikupimwa na kuuzwa pamoja na kilo. Hapa Biryogo sote wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Juzi daktari alinipima presha, akatazama mashine, akanitazama mimi, akasema, "Mzee Ismaël, mashine hii haijazoea watu kama wewe," akaizima.

Sasa swali lako. Unasema shuleni kwenu huko Kayonza, Madamu Vestine wa klabu ya mazingira amewauliza hivi: mbwa mwitu walikwisha kabisa mbugani Akagera kabla ninyi hamjazaliwa, je, mngependa siku moja warudishwe, kama walivyorudishwa simba na vifaru? Na wewe unataka kujua mimi nafikiri nini. Umefanya vizuri kuniuliza. Mtu mwingine angekupa maoni. Mimi nakupa ushahidi.

Kazi yangu unaijua, kushona viti vya magari na maturubai. Lakini hiyo ni kazi ya sasa. Mwaka 2015, simba walipoletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, walitafutwa madereva Kigali nzima wa kuwapeleka Akagera. Wote walikataa. Mmoja alisema mke wake ana mimba. Wa pili akasema ni yeye mwenyewe mwenye mimba. Ndipo mkubwa mmoja akasema, "Biryogo yuko mtu." Nikafuatwa na gari mbili, moja yangu na moja ya heshima.

Nikakamata usukani. Tulipopita Kabuga, jike mmoja mkubwa alinguruma hata taa za lori zikazimika. Niligeuka nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda alikuwa bado hajajifunza: "Mama, hapa Rwanda tunakwenda kilomita sitini na mkanda tumefunga. Tulia." Akatulia! Kufika Rwamagana alikuwa anakoroma kama Jean-Berchmans, huyu fundi wa cherehani jirani yangu anayelala kazini. Nikasimamisha lori, nikamfunika turubai nililolishona kwa mikono hii, asipigwe na vumbi. Akafungua jicho moja. Hakusema kitu, lakini nilielewa kwamba ameshukuru.

Basi kama simba alinitii, mbwa ni nini? Waambie wenzako warudishwe hata kesho, na njia ikiwa ngumu mimi nipo.

Nakutumia karanga za kusaga, sabuni na sukari. Sukari usiwape wote.

Ni mimi mjomba wako, dereva wa simba,
Ismaël


Kayonza
19 Oktoba 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Assalam aleikum. Karanga zimefika, asante sana. Sukari niliwapa wote, nisamehe.

Barua yako niliisoma bwenini kwa sauti baada ya chakula, kama ninavyosoma barua zako zote. Nilipofika pale dereva alipodai mimba, Trinah wa kitanda cha juu alicheka mpaka akashuka bila kupenda. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walitoka bweni la pili wakaja kusikiliza mlangoni. Nakushukuru, mjomba, kwa sababu wiki ile mvua ilinyesha sana na wengi walikuwa wanakumbuka nyumbani.

Lakini limetokea jambo. Madamu Vestine alitaka kujua msimamo wa kila mtu. Akasema anayetaka mbwa mwitu warudi asimame upande wa dirisha, asiyetaka asimame mlangoni. Wale wa Kigali walikimbilia dirishani. Wale wanaotoka vijiji vya karibu na uzio wa mbuga walikwenda mlangoni bila hata kutazamana. Mbele yao alikuwa Sangwa, rafiki yangu tunayekaa dawati moja. Bibi yake, mama Nyiransabimana, zamani kabla ya uzio alipoteza ng'ombe aliyeitwa Bihogo, aliliwa na simba akabaki mkia. Sangwa amesikia habari za Bihogo tangu akiwa mgongoni.

Na kundi kubwa likabaki katikati, halijui liende wapi. Hao niliwauliza mmoja mmoja wanaogopa nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mbwa mwitu, hata kwenye picha. Wote walinisimulia hadithi walizosimuliwa wakiwa wadogo, za fisi anayebeba watoto kwenye gunia.

Siku ya kutembelewa, Jumapili tarehe 16 Novemba, Sangwa na mimi tutasimama mbele ya wazazi, yeye akikataa na mimi nikikubali, halafu wanafunzi wachague tena. Hapo ndipo Trinah, bila kuniuliza, akamwambia Madamu: "Mjomba wake Shimwa ndiye aliyeendesha lori la simba!" Madamu akafurahi sana. Jina lako tayari liko kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani: Mgeni wetu, Bwana Ismaël, aliyewaleta simba.

Mjomba, mimi nilitazama daftari langu tu. Sangwa akanong'ona, "Tutaona."

Mpwa wako,
Shimwa


Biryogo
26 Oktoba 2025

Shimwa, mpwa wangu wa dhahabu,

Kwenye ratiba! Nimeisoma barua yako mara nyingi hata karatasi imelainika. Nilimwonyesha Jean-Berchmans, akasema hajui kusoma maandishi madogo. Wivu. Nikamsomea mimi, kwa sauti, na wanywaji wote wa chai hapa kwenye barabara yetu ya waenda kwa miguu wakanyamaza, hata yule kijana wa chapati akaunguza moja.

Nakuja. Mwambie Madamu Vestine atayarishe kiti imara na maji ya moto, maana nikisimulia koo linakauka. Nitavaa koti lile la kijivu. Nitaeleza pia habari za simba dume, ambazo kwenye barua sikutia kwa sababu ya nafasi: jinsi alivyotaka kukaa mbele na mimi, na jinsi nilivyomwambia kiti cha mbele ni cha kondakta.

Na huyo Sangwa usimchukie. Mtoto aliyekua anasikia habari za ng'ombe aliyebaki mkia, atapendaje meno? Mwambie mjomba wako anampa pole ya Bihogo. Ningekuwepo siku ile, ng'ombe angesimama na simba angebaki mkia.

Mimi shule niliiacha darasa la tano, unajua. Mwalimu alisema nina mdomo mrefu kuliko daftari. Sasa leo shule yenyewe inanialika na jina langu linaandikwa ukutani. Ukiona mzee wako analia siku hiyo, sema ni vumbi. Nakushukuru, mama. Nakushukuru sana.

Dereva,
Ismaël


Kayonza
2 Novemba 2025

Mjomba,

Wote hapa wanakusubiri. Trinah ameandaa wimbo wa kukupokea. Nimejaribu kumzuia, haiwezekani.

Nina habari mpya. Madamu Vestine ameongeza mgeni mwingine. Anaitwa Bwana Norman, ni askari wa mbuga, na mwaka ule wa 2015 alikuwa miongoni mwa waliowapokea simba getini. Alifungua mlango wa lori kwa mikono yake. Alikuja juzi kupanga na Madamu, akasikia jina lako, akasema: "Dereva? Nitafurahi kumwona tena mwenzangu."

Sangwa alikuwa karibu. Alifurahi kupita kiasi. Ameandika maswali atakayomwuliza Bwana Norman mbele ya watu, na la kwanza linakuhusu wewe. Jana usiku aliniambia taratibu, bila ubaya: "Shimwa, mimi sikuchukii. Lakini kama shahidi wenu ni muongo, basi na maneno yenu yote ya kusema wanyama hawa hawatatudhuru ni hivyohivyo. Mbuzi wa bibi yangu wako mita chache tu kutoka kwenye uzio. Wa kwenu wako wapi?"

Kwetu mbuzi tunamwona kwenye brosheti, ameshachomwa kwenye kijiti.

Nakwambia haya ili uje ukijua.

Shimwa


Biryogo
6 Novemba 2025

Mpwa wangu,

Nakuandikia kwa haraka na kwa huzuni. Goti langu la kushoto, lile lililoumizwa na kiboko wa Ziwa Ihema kule Akagera, limevimba. Daktari amesema nikipanda basi mpaka Kayonza litapasuka na kujeruhi abiria.

Tena kuna mheshimiwa mmoja, siwezi kumtaja, ameleta viti vya gari lake, anavitaka Jumapili hiyohiyo tarehe 16. Ni mambo ya serikali.

Tena Jean-Berchmans anaoa. Au binti yake anaolewa, moja kati ya hayo.

Huyo Bwana Norman msalimie. Mwambie siku ile kulikuwa na giza na vumbi, na madereva tulikuwa wengi tumevaa kofia, hata akisahau sura yangu sitamlaumu. Madamu akiuliza, sema mjomba yuko safarini. Ukisimama wewe mwenyewe utaweza, una akili za mama yako.

Nakutumia sukari mara mbili.

Ismaël


Kayonza
9 Novemba 2025

Mjomba wangu,

Naandika hii nikiwa peke yangu, na hii sitaisoma bwenini.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka minne siku ile simba walipopita. Wewe na mama mnadhani nimesahau. Mjomba, nilikuwa mabegani mwako. Tulisimama Kabuga kando ya barabara, watu ni wengi, mama alikuwa ameninunulia hindi la kuchoma na mimi nilikuwa naliangusha punje moja moja kichwani mwako. Malori yakapita. Sikuona simba hata mmoja. Niliona masanduku makubwa yaliyofungwa, basi. Nikaanza kulia kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa simba.

Wewe ukasema, "Unalia nini? Hukumwona yule jike aliyekukonyeza?" Halafu njia nzima mpaka Biryogo ukanionyesha. Ukaniambia yule wa mbele ana kovu puani, anaogopa ndege. Yule wa nyuma anawaza mama yake aliyebaki Afrika Kusini. Wote wamekuja mahali ambapo hawajui mtu hata mmoja, na sisi tunaosimama barabarani ndio majirani wao wa kwanza. Tulipofika nyumbani nilikuwa nawajua wote. Usiku ule sikuogopa. Nililala nikiwahurumia.

Kwa hiyo mjomba, najua lori hukuliendesha, maana nilikuwa nimekushika masikio. Tena leseni huna, mama alishaniambia. Nimejua miaka yote na sijawahi kukasirika. Ninasoma barua zako kwa sauti kwa sababu hakuna mtu mwingine anayenipa vitu vya namna hiyo.

Sikukuita uje kuwa shahidi, hilo ni la Trinah. Lakini sasa nataka uje, na nitakwambia kwa nini. Wale waliobaki katikati wanaogopa hadithi. Hakuna ripoti ya Madamu itakayotoa fisi wa gunia kichwani mwa mtu. Mimi nimejaribu, nikisimulia wanapiga miayo. Na Sangwa anastahili mtu mzima atakayemjibu habari za mbuzi bila kumcheka.

Njoo na goti lako. Hata ukisimama tu, mimi nitakuwa sijaachwa peke yangu mbele ya wazazi wa watu.

Anayekushukuru tangu Kabuga,
Shimwa


Biryogo
13 Novemba 2025

Shimwa,

Habari ya leseni ni hivi. Leseni nilikuwa nayo mfuko wa shati. Simba dume alipiga chafya, ikaruka dirishani, ikaangukia Ziwa Ihema. Mpaka leo kuna mamba huko anayeweza kuendesha.

Na habari ya masikio, ni kweli yaliniuma wiki nzima. Nilidhani ni baridi.

Nimekaa na barua yako tangu juzi. Jean-Berchmans aliniuliza, "Ismaël, mbona leo cherehani yako tu ndiyo inayosema?" Nikamwambia anyamaze.

Mheshimiwa atakalia mbao. Nakuja. Mwombe mpishi wa shule maharage, mengi, na ungo mmoja mkubwa. Usiniulize ya nini. Na huyo Bwana Norman, kama ana picha ya hao mbwa, aje nayo.

Mjomba wako


Kayonza
18 Novemba 2025

Kwa Bwana Ismaël, Biryogo,

Mimi ni Sangwa. Shimwa alisema naweza kukuita mjomba, lakini kwanza nimalize barua.

Nakuandikia kwa sababu Jumapili ulipanda basi kabla sijapata la kusema, na bibi yangu amesema nisipokushukuru nisirudi nyumbani likizo.

Nataka ujue kwamba swali lile nililiandaa ili likuangushe. Niliposimama mbele ya wazazi nikamwuliza Bwana Norman kama kweli wewe ulikuwa dereva, nilikuwa nimeshahesabu ushindi. Aliona koti lako la kijivu. Akamwona Shimwa ameinama anatazama viatu. Akanitazama mpaka nikaona aibu mimi. Halafu akasema: "Siku ile barabara ilijaa watu tangu Kigali mpaka kwetu. Mimi nilikuwa getini, naogopa watu watapiga mawe. Hakuna aliyepiga. Kila aliyesimama njiani aliwafikisha simba wale." Na wewe, ambaye Shimwa anasema hujawahi kukosa neno, ulikosa. Ulimpa mkono tu.

Baadaye ukauliza ni nani amemwona mbwa mwitu, hakuna mkono. Ni nani anamwogopa, mikono yote. Ukasema, "Vizuri. Hata mtoto mchanga anayepiga kelele chumbani tunamwogopa mpaka atolewe nje tumpe jina." Ukaita watoto wa mwaka wa kwanza wakakwangua udongo kwa vijiti, kama watoto wa majirani wanavyolima na kula siku ya nane mtoto anapotolewa nje kupewa jina. Ukawaketisha chini, ukaweka maharage kwenye ungo, wakala kwa mikono, na kila aliyekula akamtazama mbwa mmoja kwenye picha ya Bwana Norman akampa jina. Kumbe kila mmoja ana madoa yake! Na masikio yale makubwa ya mviringo! Kuna aliyeitwa Sahani. Kuna aliyeitwa Padri, kwa sababu ya kola nyeupe, na padri mwenyewe alikuwepo. Kila jina ukalitungia kisa papo hapo, jinsi Sahani alivyokukimbiza wewe ukageuka ukamkimbiza yeye, mkachoka wote wawili mkakaa kunywa maji. Bwana Norman akaongeza ya kwake, kwamba mbwa hawa mwenzao akiugua wanampelekea chakula. Nilimwona msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, anayelala na taa, akiuliza kama Sahani ameshakula.

Ilipofika zamu yangu nilikataa. Ukasema, "Wewe ndiye mwenye mbuzi. Bila jina lako hakuna aliyetolewa nje." Hukunicheka. Nikachukua harage moja, nikampa yule mkubwa jina Gumayo, yaani kaa hukohuko. Nilidhani mtakasirika. Ukaniambia hilo ndilo jina bora kuliko yote, kwamba mnyama ambaye hajapewa jina hilo hafai kurudishwa popote. Ukamwuliza Bwana Norman kama uzio unalijua jina hilo. Akasema kuuangalia uzio ndiyo kazi yake ya kila siku, na kwamba akija kuukagua upande wa kijijini ataanzia kwa bibi. Bibi, aliyekaa kati ya wazazi, alicheka. Mimi sijawahi kumwona bibi akicheka kwenye habari yenye meno. Akasema kwa sauti kwamba huyo Gumayo akivuka, alipe deni la Bihogo na riba.

Tuliporudi darasani kuchagua tena, wengi wa katikati walikwenda dirishani. Wa vijiji vya uzio wengine walibaki mlangoni, na ni haki yao. Mimi nilisimama dirishani, lakini mguu mmoja niliuacha nje ya mstari. Mguu ule ni wa mbuzi.

Asante, mjomba.

Sangwa

*Mjomba, ni mimi Shimwa, amenipa nafasi hii ndogo chini. Trinah ameimba wimbo wako siku mbili mfululizo na Madamu amempiga marufuku. Nilikutazama ulipokuwa unasimulia habari za Sahani. Nilikuwa na miaka minne tena. Asante kwa kuja. Goti linaendeleaje?*


Biryogo
23 Novemba 2025

Mpwa wangu Shimwa,

Goti limepona. Kiboko yule ameniomba msamaha.

Barua ya Sangwa nimeipokea nikaiweka ndani ya Msahafu, mahali ambapo mama yako hawezi kuifungia nyanya. Mwambie neno mjomba alilitumia vizuri na sasa hawezi kulirudisha. Bibi yake mpelekee salamu zangu. Mwambie nimeshona turubai la banda la mbuzi, zito, lenye pindo mbili, litakuja na basi la Jumatano. Mvua itapiga juu, na kama kuna pua itakayonusa kutoka upande wa pili wa uzio, itanusa turubai tu.

Sasa nikupe habari za hapa. Jumatatu asubuhi nilifika kazini, wakaja wote, Jean-Berchmans mbele, chai mkononi. "Haya, dereva wa simba, tuambie ulivyowanyamazisha huko." Nikafungua mdomo kuwasimulia. Na unajua kilichotoka? Niliwaambia kuna msichana wa Biryogo hii, wa barabara hii, aliyesimama mbele ya padri, askari na wazazi mia, rafiki yake kipenzi akiwa upande wa pili, na hakumwaibisha mtu hata mmoja aliyekuwemo ndani ya ule ua wa shule. Nikawaambia alipoanza kusema, ndege walitua kwenye paa wakapanga mstari. Nikawaambia mbwa mwitu huko waliko, nchi yoyote ile, walisimamisha masikio yale ya sahani wakaulizana, "Nani huyo anatusemea?" Jean-Berchmans akauliza, "Na wewe ulifanya nini?" Nikasema mimi nilileta maharage.

Alinishika kipaji cha uso akidhani nina homa.

Shimwa, mimi nimesimulia watu maisha yangu yote. Wengine wanacheka, wengine wanaondoka, wengine wananidai chai. Sikujua kwamba kuna mtu ambaye alikuwa anayatunza maneno yangu. Barabara nzima kutoka Kayonza nilikaa dirishani, abiria wa pembeni akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, kaka, nimepewa.

Mwalimu wangu wa darasa la tano Mungu amrehemu. Laiti angeona jina langu ukutani. Madamu Vestine kama hajalibandua bado, mwambie asilibandue mpaka likizo.

Na hao mbwa, mimi sijui kama watakuja. Huo ni uamuzi wa watu wenye ofisi, na watachukua muda wao, hata wewe unaweza kuwa umeshaolewa. Lakini siku wakija, mama, utanipigia simu. Tutasimama tena pale Kabuga, upande uleule. Mahindi nitanunua mimi. Mabegani hutapanda, umekua, na mimi macho yameanza kuchoka. Malori yatapita na masanduku yatakuwa yamefungwa kama kawaida yao.

Mimi nitakuuliza, "Shimwa, mle ndani kuna nini?" Na wewe utaniambia, njia nzima mpaka nyumbani.

Ni mimi, mjomba wako,
Ismaël